Shangazi wa Makopo: Hesabu jua kabla hujanunua ndoo

Barua za mwezi huu zimebanana kama miche ya nyanya kwenye ndoo ya mtu mwenye tamaa, kwa hiyo nyingine nimezifupisha. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa miaka 26 nyuma ya dirisha la dawa, nikihesabu vidonge na kurudia "kimoja mara mbili kwa siku, baada ya chakula" mpaka nikawa nasema hata usingizini. Sasa nimestaafu. Shamba langu lote ni roshani ya hatua tano kwa mbili na ubao wa dirisha la jikoni. Mazoea ya dirishani hayajaniacha: mtu akiniambia "nipe dawa", nitamuuliza maswali kwanza.

Swali: Shikamoo Shangazi. Nakaa ghorofa ya tatu, roshani yangu ni mita 2 kwa 1. Nimeshanunua ndoo 8 za lita 20. Nataka nyanya, pilipili hoho, mnanaa, mrehani, mshubiri, spinachi na tangawizi. Nianze na ipi? (Mwenye Ndoo Nane)

Jibu: Marahaba mwanangu. Ungeniandikia kabla ya kununua ndoo, tungeanza na jua.

Fanya hivi. Chagua siku isiyo na mawingu, chukua daftari, na kila baada ya saa moja, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, toka roshani uangalie pale utakapoweka ndoo. Jua lenyewe linagusa sakafu? Weka alama ya vema. Kuna mwanga tu lakini jua halijagusa? Weka sifuri. Jioni hesabu vema. Mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba roshani yangu ina jua kutwa nzima, kwa sababu kila nikitoka nje nafumba macho kwa mwanga. Nilipohesabu nikapata vema nne. Mwanga wote ule ulikuwa unatoka kwenye ukuta mweupe wa jengo la mbele.

Ukipata saa 6 hadi 8 za jua, panda vinavyozaa matunda: nyanya, hoho, pilipili. Mrehani nao uko kundi hilo, unapenda joto na jua. Ukipata saa 3 au 4, usijitese na nyanya. Itarefuka kama mlingoti, itatoa maua mawili, na utaanza kuilaumu mbegu. Kwa jua la kiasi hicho panda majani: spinachi, saladi, mnanaa, vitunguu vya majani. Tangawizi pia huvumilia kivuli cha nusu siku, ila ujue inakaa ndooni miezi 8 hadi 10 kabla hujaichimba. Kwenye mita 2 za mraba, huyo ni mpangaji wa muda mrefu.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Zako nane ni zaidi ya kilo 200. Ni kama umewaalika watu wazima watatu wasimame roshani yako usiku na mchana, wasiondoke hata mvua inaponyesha. Usizirundike zote ukingoni. Zipange kandokando ya ukuta wa nyumba, zigawanye, na kabla ya kuzijaza muulize msimamizi wa jengo roshani imejengwa kubeba uzito gani. Na usining'inize chungu chochote upande wa nje wa kizuizi. Chungu kikidondoka kutoka ghorofa ya tatu, aliye chini hatajali kwamba kilikuwa na mnanaa.

Spinachi na saladi hazihitaji ndoo ya lita 20, zinaridhika na kina cha sentimita 15 hadi 20. Kwa hiyo ndoo mbili kati ya hizo zibaki za kuchotea maji.

Swali: Shangazi, nilichota udongo mzuri mweusi nje nikajaza makopo. Kufikia wiki ya tatu ulikuwa mgumu kama tofali, maji yanaelea juu, halafu mizizi ikaoza. Na kokoto chini niliweka kama tulivyofundishwa. Nimekosea wapi? (Aliyechoka na Kokoto)

Jibu: Udongo huo ulikuwa mzuri kule ulikokuwa. Ardhini una minyoo wanaoutoboa, una mizizi ya kila namna, na maji yana pa kwenda chini. Ukiutia kwenye kopo umeuhamishia chumba kisicho na mlango. Kila ukimwagilia, chembe zinashuka na kushikana zaidi, mpaka hewa inaisha. Na mizizi inapumua, mwanangu.

Mimi nachanganya kwa bakuli, wala sipimi kwa mizani: bakuli 1 la udongo, bakuli 1 la mboji iliyoiva kabisa, na bakuli 1 la kitu cha kulegeza. Cha kulegeza kinaweza kuwa makumbi ya nazi yaliyosagwa na kusuuzwa vizuri, kwa sababu huwa na chumvi, au mchanga mkavu wa mtoni. Wa roshani chagueni makumbi, mchanga ni mzito. Mchanga wa ufukweni uache hukohuko na chumvi yake. Mboji iliyoiva inanukia kama ardhi baada ya mvua. Ikinuka choo au siki, bado. Samadi mbichi usiitie kabisa kwenye majani unayokula mabichi, ina vijidudu vya tumbo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu kutia samadi mbichi hadi kuvuna zao linalogusa udongo, na mchicha wa kopo haukai siku 120.

Ukimaliza kuchanganya, lowesha kidogo ukaminye ganjani. Ukifungua mkono, bonge lisimame. Ukiligusa kwa kidole, limomonyoke. Likibaki na alama za vidole kama ugali, ongeza makumbi.

Sasa kokoto. Najua nitaandikiwa barua za hasira, lakini kokoto chini ya chungu hazisaidii maji kutoka, zinayapandisha juu. Usinisadiki mimi, sadiki sponji. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, ilowanishe mpaka ijae, uishike ikiwa imelala. Itadondosha maji, halafu itaacha. Usiiminye. Igeuze isimame kwa upande wake mrefu: inadondosha tena. Isimamishe kwa ncha: inadondosha tena. Maji yaleyale, sponji ileile. Kilichobadilika ni kimo. Sehemu ya chini ya sponji hubaki imejaa maji siku zote, na ikisimama, sehemu hiyo inakuwa ndogo ukilinganisha na kimo chote.

Udongo wa chungu unafanya vivyo hivyo. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mapengo makubwa ya kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae kwanza. Kwa hiyo ukiweka sentimita 5 za kokoto, umefupisha sponji yako kwa sentimita 5 na ukaileta tope karibu na mizizi. Jaza udongo mpaka chini, toboa matundu 5 au 6 ya upana wa kidole kidogo, ufunike kila tundu kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Basi.

Yote haya nilijifunza kwa msiba. Mmea wangu wa kwanza wa rosemari niliupanda kwenye ndoo nzuri ya bluu ambayo nilisita kuitoboa kwa sababu ilikuwa mpya. Niliimwagilia kila asubuhi kwa utii. Majani ya chini yalipoanza kuwa kahawia nikaona ina kiu, nikaongeza ya jioni. Wiki ya sita niliing'oa: ikatoka harufu ya yai viza, na mizizi ilikuwa kama tambi zilizoiva kupita kiasi, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Mmea uliozama na mmea wenye kiu unanyauka kwa sura moja, ndiyo maana tunakosea. Siku hizi siangalii majani, natia kidole mpaka pingili ya pili. Kukiwa na unyevu, naweka keni chini na kwenda kunywa chai.

Swali: Nimepanda mnanaa na mrehani kwenye beseni moja ili kuokoa nafasi. Mrehani unadhoofu. Niutie mbolea gani? (Bi Beseni)

Jibu: Uhamishe leo. Mnanaa unatuma mizizi ya kutambaa chini ya udongo, kimyakimya, na ukija kuona shina linachomoza upande wa pili wa beseni, kazi imeshaisha. Mpe mnanaa chungu chake mwenyewe maisha yake yote.

Mrehani ukate juu ya jozi ya majani, uweke kijiti cha sentimita 10 kwenye glasi ya maji karibu na dirisha, majani ya chini umeyatoa. Mizizi huonekana ndani ya wiki 1 au 2. Hapo ipande. Kisha kila ukipika kata ncha zake. Ukiuacha utoe maua, majani hupungua na kuwa machungu.

Na kama mnanaa wako ni ule wa pilipili, wenye ubaridi mkali mdomoni, usihangaike na pakiti za mbegu. Ule ni mseto wa mnanaa wa majini na mnanaa wa kawaida, karibu daima hauzai mbegu. Anayekuuzia mbegu zake anakuuzia kitu kingine. Omba kijiti kwa aliye nao. Chai yake hutuliza tumbo lililojaa gesi, lakini kama tatizo lako ni kiungulia, iache: mnanaa hulegeza ule mlango kati ya koo na tumbo, na asidi hupanda zaidi.

Swali: Shangazi, jirani amenipa miche 3 ya artemisia, wengine wanaiita pakanga. Anasema chai yake inaponya malaria na nikiipanda roshani sitahitaji tena kwenda kupima. Nina watoto wawili. Nipande? (Mama wa Wawili)

Jibu: Kwa sababu hiyo, hapana, na hapa sitanii.

Jirani yako hajatunga uongo, amechukua nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba dawa zinazotegemewa leo dhidi ya malaria zimetokana na mmea huo. Tu Youyou, mtafiti wa China, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila sikiliza jinsi ilivyopatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi lake lilikuwa likipata matokeo ya kupanda na kushuka. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, akaona kwamba maelekezo yalikuwa kuloweka konzi ya mmea katika maji na kukamua utomvu unywe. Hayakutaja kuchemsha. Akahisi joto ndilo linaloharibu, akabadilisha, akakamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo tu, katika joto la chini, na dawa ikafanya kazi. Sasa nawe unataka kuweka sufuria jikoni.

Kiini cha dawa hiyo hakiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake hutofautiana toka mmea hadi mmea na hata wakati wa kuvuna. Kwa hiyo kikombe cha leo na kikombe cha kesho si dozi moja. Pale dirishani nilikuwa nakata kidonge nusu kwa wembe kwa ajili ya mtoto wa kilo fulani. Kikombe cha chai hutakikata. Dozi pungufu hushusha homa kidogo, mama akatulia, huku vimelea vikiendelea kuzaliana. Tena vinavyobaki ni vile vilivyozoea dawa, na hilo ni hasara kwetu sote. Ndiyo maana hospitalini dawa hiyo hutolewa ikiwa imechanganywa na nyingine, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya artemisia kama chai, unga au majani kwa kutibu au kuzuia malaria.

Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Miche yenyewe, ukiipenda kwa harufu, hiari yako, ila ujue hufikia mita 2 na itamfunika kila jirani wake roshani.

Swali: Nyanya zangu zinakua vizuri lakini kitako kinakuwa cheusi na kubonyea. Nimezika maganda ya mayai 30 kwa sababu nimesikia ni upungufu wa kalisi. Hakuna mabadiliko. (Baba Mayai)

Jibu: Pole kaka, natumaini mayai mliyafaidi. Kalisi imepungua kwenye tunda, ila mara nyingi udongoni ipo ya kutosha. Husafiri ndani ya maji, na maji huvutwa zaidi na majani kwa sababu ndiyo yanayotoa jasho. Kitako cha tunda kiko mwisho kabisa wa foleni. Siku ndoo ikikauka, foleni inakatika, kitako kinakosa, na wiki moja baadaye unaona doa. Ganda la yai nalo huoza polepole mno. Hayo 30 utayakuta mwakani.

Tatizo ni ratiba ya maji. Ndoo moja ya lita 20, mche mmoja, si mitatu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, na siku za jua kali inaweza kuwa kila siku. Funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu, unene wa vidole vitatu. Punguza samadi, inasukuma majani ambayo yatazidi kulinyang'anya tunda maji. Yenye madoa yachume; upande mzima kata mle, hauna sumu.

Swali: Kila siku nakunywa glasi ya mshubiri uliosagwa mzima kutoka kwenye chungu changu, kwa ajili ya kusafisha tumbo. Siku hizi naumwa na tumbo. Nipunguze? (Msafi wa Tumbo)

Jibu: Acha kabisa, kisha nenda kapimwe hilo tumbo.

Kata jani la mshubiri kitakoni, ulisimamishe kwenye kikombe kwa dakika 15. Utaona majimaji ya njano, machungu ya kukunja uso, yakichuruzika kutoka chini ya ngozi. Ule ndio utomvu, na si kitu kimoja na ute mweupe wa katikati. Utomvu huo ni dawa kali ya kuharisha. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziondoa sokoni dawa za kulainisha choo zenye utomvu huo zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukuletwa. Ukisaga jani zima, unayanywa yote pamoja.

Nayajua haya kwa nadharia na kwa vitendo. Mwaka niliostaafu, nikiwa na cheti changu ukutani, nilisaga jani zima na ndimu, nikanywa saa 2 usiku. Usiku huo sikulala kitandani, nililala karibu na mlango wa choo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya watu.

Mshubiri wako utumie kwenye ngozi. Umeungua kidogo jikoni? Kwanza maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa, wala si kwa kukisia. Baada ya hapo, kama ngozi haijapasuka, paka ute mweupe ambao njano imeshachuruzika. Kidonda kilicho wazi, kikubwa kuliko kiganja, au cha usoni, hicho ni cha hospitali.

Swali: Shangazi, baba yetu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Tangu nianze kulima spinachi na mchicha roshani anakula mboga kila mlo, anajisifu amepona. Dada yangu anasema mboga zitamuua. Nani mkweli? (Mkulima Mwenye Wasiwasi)

Jibu: Mpe baba shikamoo yangu, na usimnyang'anye sahani.

Kwanza soma jina kwenye pakiti. Kama ni warfarini, dada yako ana hoja, ila ameisema vibaya. Warfarini hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na majani ya kijani kibichi yamejaa vitamini K. Kipimo cha dawa yake kilipangwa kulingana na alivyokuwa akila siku zile. Ghafla mboga zikiongezeka mara tatu, dawa inazidiwa nguvu na damu inaweza kuganda. Mkiogopa mkamkatia mboga zote siku moja, kinyume chake: dawa inazidi nguvu, anaweza kuvuja damu. Kwa hiyo msimkatie na msimwongezee. Ale kiasi kilekile kila siku, na wiki hii hii arudi wanakompima damu, awaambie wazi, "nimeanza kula mboga kila mlo". Wao watairekebisha dozi ifuate sahani. Kama ni dawa mpya, apiksabani au rivaroksabani, vitamini K haina ugomvi nazo.

Tangawizi, manjano na kitunguu saumu vya kuungia mchuzi havina neno. Vijiko vya unga wake asubuhi na jioni "kusafisha damu", hivyo visipite mdomoni mwake bila daktari kujua. Nimeona wazee wengi wakificha mambo haya, si kwa ubishi, ni kwa sababu hakuna aliyewauliza. Mwulize wewe.

Swali: Mchaichai unafukuza mbu? Nimeweka vyungu vinne dirishani. (Anayejikuna)

Jibu: Mmea uliosimama kwenye chungu haufukuzi hata mmoja. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka jamii ya mchaichai ndiyo hufukuza, na hata hayo kwa muda mfupi. Badala yake inama uangalie visahani vilivyo chini ya vyungu hivyo vinne. Vina maji? Basi unafuga. Mbu aina ya Aedes hugandisha mayai kwenye ukingo wa chombo, na mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji. Kumwaga tu hakutoshi. Mara moja kwa wiki mwaga, kisha sugua kingo kwa brashi. Mchaichai chemsha unywe.

Swali: Vidukari weusi wamejaa kwenye pilipili, na sisimizi wanapanda na kushuka. Nipulize nini? Na je, makopo ya zamani ya rangi yanafaa kupandia? (Wa Maswali Mawili)

Jibu: Sabuni ya maji, kijiko 1 cha chai kwa lita 1 ya maji. Si sabuni ya unga ya kufulia. Puliza chini ya majani, walipo, jioni jua likishaondoka, na jaribu kwanza kwenye jani moja usubiri siku moja. Rudia baada ya siku 3 au 4. Sisimizi ni wachungaji wao: vidukari hutoa maji matamu, sisimizi huyalamba na kuwalinda dhidi ya maadui. Zuia njia yao na vidukari watabaki bila mlinzi.

Makopo ya rangi, ya dawa ya wadudu na ya mafuta ya gari: hapana kwa chochote kitakachoingia mdomoni. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Yapande maua.

Swali: Nilianika mnanaa na mrehani juani siku 2, ukawa mweusi na hauna harufu. Mwingine nilitia chupani ukaota ukungu. (Chupa Tupu)

Jibu: Ile harufu ndiyo unayoitafuta, na jua linaichukua. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla mmea haujatoa maua. Funga vifungu vidogo, vijiti 6 au 8 tu, katikati hewa ipite, vining'inize vichwa chini mahali pa kivuli penye upepo, si juu ya jiko kwenye mvuke. Mnanaa huchukua wiki 1 hivi, mrehani zaidi kwa sababu majani yake ni manene. Usihesabu siku, sikiliza: jani likivunjika kwa mlio kati ya vidole, limekauka. Likijikunja kama karatasi ya benki, bado, na hilo ndilo lililokuotea ukungu.

Tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, kabatini gizani, na utumie ndani ya mwaka. Andika jina na tarehe siku hiyohiyo. Mimi nina chupa moja isiyo na karatasi, majani ya kijivu, nimeinusa miezi sita na bado sijui ni nini. Wiki hii inaenda kwenye mboji.